Homa Haipandi Mlima

Mume wangu alimuua baba yake mdogo siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, akiwa amesimama mbele ya meza ya mzungu wake, kofia mkononi. Alimuua kwa mdomo. "Bwana, baba yangu mdogo amefariki huko Ainabkoi," akasema, na mzungu akampa ruhusa ya siku nane. Wakati huo Mzee Nicanor wa watu alikuwa Ainabkoi, mzima kabisa, anakamua ng'ombe.

Usinicheke. Na usimhukumu Kiprono haraka, kwa maana mimi mkewe nilikuwa nimekubali. Mwaka ule wa hamsini na tano, karani Mwafrika wa stoo ya ngano pale Eldoret akiomba ruhusa ya kwenda kutembea angeulizwa kama amelewa. Kutembea kulikuwa kwa wazungu. Wao ndio walioshuka Mombasa kila Desemba na watoto wao na mbwa wao. Sisi tulikuwa na ruhusa za aina mbili tu, ya ugonjwa na ya matanga. Na sisi tulitaka kwenda Jinja, nchi ya Uganda, kuona mto.

Si mto hivi hivi. Tangu Kiprono akiwa mtoto misheni, mwalimu alimwambia kwamba maji ya Naili, yale yale ambayo mtoto Musa aliwekwa kando yake ndani ya kikapu, yanaanzia Jinja, mwendo wa treni kutoka kwetu. Habari hiyo ilimwingia, haikutoka. Kisha rafiki yake Kituyi, waliyesoma naye, akapata kazi ya udereva kwenye bwawa jipya la umeme huko huko Jinja, akatuandikia: njooni na watoto, nyumba ipo.

Barua ile nilisomewa mpaka nikaishika kwa kichwa. "Nyinyi watu wa baridi," aliandika Kituyi, "msije kama mnaoenda sokoni. Huku kuna mbu. Nimewatumia vidonge kwenye mkebe, kila mtu ameze kila siku, watoto nusu, na muanze kabla hamjatoka. Maji ya kunywa ni ya kuchemsha, hata mkiyaona safi. Watoto wasiingie ziwani, kuna kichocho na kuna mamba. Jioni vaeni mikono mirefu. Neti nitawatafutia." Na chini kabisa, baada ya salamu, kama mtu aliyekumbuka akiwa mlangoni: "Mkirudi kwenu msiache vidonge. Mmeze wiki nne zaidi."

Hapo Kiprono alicheka. "Wiki nne huku kwa baridi? Kituyi amesahau Eldoret. Homa haipandi mlima."

Hilo neno lazima nikueleze. Sisi ni Wakeiyo. Watu wetu wamekaa juu ya ukingo tangu zamani, bonde la Kerio liko chini ya miguu yao. Kule bondeni kuna mtama, kuna asali, kuna malisho, na kuna homa. Kwa hiyo babu zetu walishuka asubuhi, na jua likianza kuinama wakapanda. Ukilala bondeni, umeitafuta. Ukishafika juu kwenye baridi, umeiacha chini na mbu wake. Homa haipandi mlima. Mzee Nicanor ndiye aliyemlea Kiprono baada ya baba yake kufa, na alimlea na neno hilo kila siku. Nani angebishana naye? Mzee mwenyewe alikuwa na binti mmoja tu, Chelimo, akafa huko Ainabkoi akiwa na miaka saba, mwaka wa nzige, na kila mtu alijua kilichomuua ni kifua cha baridi. Adui yetu sisi ni baridi. Homa ilikuwa ya watu wa chini.

Basi tukajiandaa. Lakini uongo nao una marafiki wengi! Karani mkubwa wa stoo, Mzee Wamalwa, alikuwa pia mzee wa kanisa. Aliposikia tumefiwa akaja nyumbani kwetu na akina mama wa kanisa, sukari mkononi, majani ya chai mkononi, wakaimba mpaka nikalia kweli. Halafu wakatusindikiza stesheni. Sasa, Ainabkoi ni treni ya kupanda, na Jinja ni treni ya kushuka. Tungefanya nini? Tulipanda ile ya Ainabkoi, Mzee Wamalwa akiongoza wimbo wa mbinguni pale nje, tukawapungia mkono. Tukateremka stesheni ya kwanza, tukakaa kwenye baridi saa tano nzima, tukapanda treni ya kushuka, na hiyo treni, kwa sababu reli ni moja, ikatupitisha tena Eldoret. Kiprono akajiwekea kofia usoni. Mimi nikajifunika blanketi pamoja na watoto wetu wawili, Kipkorir na Sarah.

"Mama," Sarah akauliza humo ndani, "sisi ni wezi?" Alikuwa na miaka sita.

Nikamwambia anyamaze.

Jinja ilitupokea na joto. Nelima, mke wa Kituyi, alikuwa ametutengea chumba na neti mbili, na mtungi wa maji yaliyochemshwa uliofunikwa na kitambaa. Mama yule alikuwa mkali kuliko barua ya mumewe. Kila asubuhi alisimama mlangoni mpaka aone watoto wangu wamemeza. Vidonge vilikuwa vichungu, nikavisaga ndani ya asali, na bado Sarah alilia.

Siku ya pili Kituyi akatupeleka mtoni. Nikwambie ukweli, mto ule niliusikia kwanza kwa miguu. Ardhi ilikuwa inatetemeka ndani ya viatu vyangu na bado sijaona tone. Mito niliyoijua mimi ni kama Sosiani yetu, unavuka kwa mawe na mtoto mgongoni. Tukazunguka kilima kidogo, na Mungu wangu! Ukuta uliojengwa na watu umesimama kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na milangoni mwake maji yanatoka, meupe, mazito, hayaishi. Nikangoja yaishe. Kweli kabisa, nilisimama nikingoja, kama unavyongoja ndoo imwagike yote. Hayakuisha. Moshi wa maji ukatulowesha nyuso tukiwa mbali. Nikajikuta nimeketi kwenye nyasi, sijui niliketi saa ngapi.

"Tone linalopita hapa leo," Kituyi alipiga kelele sikioni mwetu, "litafika Misri baada ya miezi mitatu."

Kiprono alivua kofia. Mwanamume aliyekuwa amedanganya kanisa zima alisimama pale machozi yanamtoka, hata hakuyafuta. "Priscah," akaniambia, "ni ya kweli. Yote ni ya kweli."

Sarah akaangalia yale maji, akatikisa kichwa. "Kikapu cha Musa kingevunjika hapa."

"Musa alikuwa mbele huko, yakiwa yametulia," Kipkorir akamjibu.

Tulikaa mpaka jioni kwa sababu Kituyi alisema bado hatujaona kitu. Giza lilipoanza kuingia, taa zikawaka. Zote mara moja, ukutani, barabarani, ng'ambo ya mto, na hakuna mtu aliyeshika kiberiti. Maji ndiyo yamewasha! Mimi nimezaliwa nikijua maji huzima moto, na hapo nayaona yanawasha. Nilishika mkono wa mume wangu mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kufanya. Tuliporudi Nelima alitugombeza. "Mbu haogopi umeme! Ingizeni watoto!" Sarah alikuwa anajikuna shingoni. Nikampaka mate, yakaisha.

Tulirudi Eldoret siku ya saba, mvua ya Julai inanyunyiza, baridi inauma mpaka meno. Jioni hiyo hiyo watu wa kanisa wakajaa nyumbani kutupa pole. Mzee alizikwa vizuri? Nani alihubiri? Kiprono akawapa mazishi, yakawa mazishi mazuri sana, na mimi napika chai uso umeniwaka. Mama mmoja akaona mkebe kwenye rafu. "Hii ni dawa ya nini, Mama Kipkorir?"

"Ya tumbo," nikasema, na walipoondoka nikauzika ndani ya unga. Mtu aliyetoka matangani Ainabkoi anameza dawa ya mbu kwa nini? Kesho yake nikamuuliza Kiprono kama tuendelee kwa siri. Akasema, "Iache. Tumeshapanda. Homa haipandi mlima." Na mimi nikafurahi, kwa maana nilikuwa nimechoka kupigana na Sarah kila asubuhi. Nilifurahi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya kumi na moja tangu jioni ile ya taa, Sarah aliamka anatetemeka. Kichwa kinauma, anakohoa kidogo, mwili moto. Nikajua: kifua. Nikamfunika blanketi mbili, nikaweka jiko la makaa karibu na kitanda, uji wa moto, mafuta ya kondoo kifuani. Mchana akapoa, akacheza, nikamshukuru Mungu. Kesho yake akatetemeka tena. Siku ya tatu hakunijua. Aliniangalia kama mtu anayeangalia ukuta. Nikatoka nje nikipiga kelele, na Mzee Wamalwa, Mungu ambariki, akaleta lori la stoo mwenyewe.

Hospitali ya Waafrika ilikuwa na dresa mmoja, msaidizi wa daktari, ambaye watu walimwita Daktari, na alistahili. Jina lake Walubengo, mtu wa Bungoma, mfupi, mpole, mikono yake haikuwa na haraka. Akasikiliza kifua cha Sarah. Akashika tumbo lake upande wa kushoto. Akasikiliza kifua tena.

"Kifua si kibaya hivyo," akasema. "Huyu mtoto ametoka safari? Amelala mahali pa joto mwezi huu?"

"Hapana," Kiprono akasema.

"Bondeni? Upande wa Kisumu?"

"Walikuwa Ainabkoi, Daktari, matangani," Mzee Wamalwa akasaidia. Alikuwa amesimama hapo hapo, kofia kifuani. "Mimi mwenyewe nimewasindikiza."

"Ainabkoi," Walubengo akarudia. "Huko ni baridi kuliko hapa." Akachukua karatasi aandike dawa ya kifua.

Nilimtazama mume wangu. Midomo yake ilikuwa myeupe. Baadaye aliniambia alichofikiri saa ile, na si kazi wala nyumba ya stoo, ingawa vyote vingekwenda. Alifikiri Mungu anadai maiti aliyoahidiwa. Alifikiri amemzika mtu aliye hai, na kaburi haliwezi kubaki wazi. Hakuweza kufungua mdomo. Na wakati tunatazamana, Sarah akakaza mwili, macho yakageuka juu, mikono na miguu ikaanza kurukaruka kwenye meza.

"Hakuna aliyekufa!" Hiyo ilikuwa sauti yangu, na wodi nzima ilisikia. "Hakuna maiti! Mzee Nicanor ni mzima, anakula ugali! Tumetoka Jinja, Uganda, tulienda kutembea, na dawa tumeacha, iko ndani ya unga!"

Mzee Wamalwa alinigeukia polepole. Sikumjali. Nilikuwa namtazama Walubengo, na Walubengo hakuuliza Jinja mlifuata nini, hakunikemea. Alikuwa ameshamgeuza Sarah ubavu. Mtoto alipotulia, akamchoma kidole, akapaka damu kwenye kipande cha kioo. Akaagiza sindano ya kwinini. Ile karatasi ya kifua aliikunja, akaitia mfukoni.

Alipomaliza kumchoma alituita kwenye chumba kidogo. Pale mezani kulikuwa na hadubini, kile chombo cha kukuza vitu vidogo. "Mama Kipkorir, weka jicho hapa," akasema. "Nataka uone, ndiyo usiache dawa tena."

Nikainama. Kwanza niliona kope zangu tu. Kisha nikaona duara la mwanga, na ndani yake vidude vya mviringo, vingi, vimelaliana, vya rangi ya waridi. "Hiyo ndiyo damu ya mtoto wako," akasema. "Sasa tafuta pete." Nikatafuta. Na ninakwambia niliona! Ndani ya kidude kimoja kulikuwa na pete ya zambarau, nyembamba, ina kito chake kabisa, nzuri kama ya bibi arusi. Halafu nyingine. Halafu kila mahali nilipoangalia, pete, pete, pete.

Nilishangaa vile nilivyoshangaa Jinja. Pale mtoni nilidhani nimeona mwisho wa mambo makubwa. Na hapa, tone moja la damu, dogo kuliko punje ya wimbi, lina nchi nzima ndani yake, na hiyo nchi inamla mtoto wangu. Nilisema tu, "Ee Bwana."

"Baridi inaua mbu," Walubengo akasema, "lakini hivi vidudu vya homa havimo ndani ya mbu tena. Vimo ndani ya mtoto, na ndani ya mtoto hakuna baridi. Vimepanda mlima na yeye, kwenye treni."

Kiprono aliangalia baada yangu. Akatoka, akaenda moja kwa moja kwa mzungu wake, akamwambia yote. Alinyang'anywa ruhusa ya miaka miwili. Kazi alibaki nayo, kwa sababu Mzee Wamalwa alisimama akamwombea, akiwa na hasira bado.

Sarah alilala siku hiyo kutwa. Kesho yake, jua likiwa juu, akafungua macho akaniuliza, "Mama, tumeshuka kwenye treni?" Nikalia mpaka wagonjwa wengine wakanisaidia kulia.

Na bado uso haujakauka, nikasikia fimbo inagonga sakafu. "Nani amenizika bila kuniambia?"

Mzee Nicanor alikuwa amesimama mlangoni na koti lake refu. Dereva wa stoo alienda Ainabkoi kuchukua ngano, akawapa watu wa boma lake pole, na aliyezipokea ni marehemu mwenyewe. Wodi ilipasuka kicheko. Mzee Wamalwa, aliyekuja kumwona mtoto, akamshika mkono kwa mikono miwili akihakikisha ni nyama. "Nimekuombea mara mbili, Mzee, na nyimbo," akasema. "Yale maombi usiyakatae. Weka akiba."

Kiprono aliinamisha kichwa. Yeye hakuweza kueleza, kwa hiyo nilisimulia mimi, tangu barua mpaka unga. Mzee alinisikiliza akikunja uso, fimbo imeinuka kidogo, na nilijua itamshukia mume wangu. Lakini nilipofika kwenye yale maneno ya Daktari, fimbo ikashuka yenyewe.

"Nionyesheni," akasema.

Walubengo akampeleka. Mzee aliinama juu ya kile chombo muda mrefu kuliko sisi sote. Alipoinuka, jicho moja lilikuwa na machozi, nikadhani ni kwa sababu ya kulifinya.

"Hivi vinakaa siku ngapi ndani ya mtu kabla ya kumwangusha?"

"Kumi, Mzee. Kumi na mbili. Hata wiki mbili."

Alihesabu kwenye vidole. Akahesabu tena. "Tulilala bondeni siku moja tu," akasema. "Nzige walikuwa wanakuja, mtama umeiva, nikasema hatuachi hata suke moja. Chelimo alikuwa na mimi. Asubuhi tukapanda. Mama yake alikuwa analia, nikamwambia, usiogope, homa haipandi mlima." Hatukuwahi kusikia hayo. Mtu aliyetukataza maisha yote kulala bondeni alikuwa amelala yeye, na mtoto. "Siku ya kumi na mbili alianza kutetemeka. Nikamfunika blanketi. Nikamwashia moto. Nilimwashia moto mkubwa sana."

Akamgeukia Walubengo.

"Daktari. Mwaka ule wa nzige, dawa ilikuwako?"

Walubengo aliangalia mikono yake. Nilimwomba kimoyomoyo aseme hapana. Mungu anisamehe, baada ya yote yaliyotupata, bado nilitaka uongo mmoja zaidi.

"Ilikuwako, Mzee," akasema. "Kwinini ilikuwako hapa hapa Eldoret."

Mzee Nicanor alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu. "Asante kwa kuniambia," akasema. "Huyu," akamnyooshea Kiprono kidole, "angeniambia haikuwako."

Akarudi wodini, akavuta kiti mpaka kitandani kwa Sarah. Saa ya dawa ilikuwa imefika. Nilikuwa na kidonge mkononi na asali kwenye kijiko. "Lete," akasema. "Nitampa mimi."

Alikaa kwetu wiki zote nne, ng'ombe wake wakikamuliwa na wengine. Kila asubuhi kabla ya chai alichukua mkebe kwenye rafu, mbele ya yeyote aliyekuwapo, akahesabu kwa sauti siku zilizobaki, akamwita mtoto aje ameze. Siku nyingine alikosea, akamwita Chelimo. Sarah aliitika.